Mazoezi ya Majibu

Wizarani kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akilipwa mshahara ili awatese wakubwa zake, na wakubwa zake walimpenda kwa hilo.

Kila ujumbe wa serikali ulipokaribia kusafiri kwenda kuhojiwa na kamati za haki za binadamu, ulifungiwa kwanza kwenye ukumbi wa ghorofa ya juu ukafanya mazoezi. Wajumbe walikaa upande mmoja wa meza ndefu. Upande wa pili alikaa yeye peke yake, mwanasheria wa idara ya mikataba, na kazi yake ilikuwa kujifanya yeye ndio wale wataalamu wa kigeni. Aliuliza wanayouliza, akakunja uso wanavyokunja, akawakatiza watu maneno kwa ile adabu inayouma kuliko tusi. Walimbandika jina la Mgeni. Akiingia ukumbini na miwani yake kwenye ncha ya pua, utasikia mtu ananong'ona, "Jamani, jifungeni mikanda, Mgeni kaja."

Ndani ya ukumbi ule, na kwa muda ule tu, Mgeni aliruhusiwa kuuliza lolote, na aliyeulizwa alilazimika kujibu. Nje ya mlango, angetamka nusu ya maneno yale angejikuta kahamishiwa ghala la majalada, kama si kwingine kubaya zaidi.

Swali lisiloisha lilikuwa la mkataba wa watu wanaopotezwa. Mkataba wenyewe haukuwa na mambo magumu. Ulisema mtu asifichwe. Akikamatwa ijulikane alipo, na ndugu zake wakiuliza waambiwe. Hata mtoto wa shule angeuelewa. Waziri mmoja wa zamani aliutia saini, akapigwa picha anatabasamu na kalamu mkononi, akarudi nyumbani, na mkataba ukalala usingizi wa pono. Katibu wa wizara, ambaye ndiye aliyeongoza ujumbe, alikuwa na utani wake juu ya jambo hilo. Kutia saini ni posa, alisema, na kuridhia ndiyo ndoa. "Na serikali hii," aliongeza huku tumbo likimtikisika kwa kicheko, "imeposa dunia nzima, haijaoa hata mmoja."

Aliyetunga sababu za kuahirisha harusi ni huyo huyo Mgeni. Mwaka huu mashauriano yanaendelea. Mwaka ujao sheria za ndani zinapitiwa. Mwaka wa tatu tafsiri haijakamilika. Hakuwa mtu mbaya. Alijiambia kwamba karatasi ni karatasi tu, na kwamba siku ikipatikana serikali yenye nia njema, atakuwa ameitayarishia kila kitu. Watu wa namna hii ni wengi, nyumbani kwao ni wapole, na hasara wanayoitia nchi haipimiki kwa mizani yoyote.

Kulikuwa na jambo jingine alilolianzisha, na alilojivunia: kulinganisha. Safari moja ujumbe ulitamka mbele ya kamati kwamba gereza fulani halina watoto. Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake picha ya watoto wamesimama kwenye uwanja wa gereza lilelile ikazagaa kila mahali, na Katibu akarudi nyumbani hana pa kuuweka uso. Ndipo Mgeni akapendekeza kwamba kila jibu linalokubaliwa kwenye mazoezi lipelekwe siku hiyohiyo kwa idara inayohusika, nayo ihakikishe kwamba hali halisi inalingana na jibu. Yeye alidhani jibu likiwa la uongo ndilo litakalobadilishwa. Idara ziliona ni rahisi zaidi kubadilisha hali halisi. Watoto wa gereza lile walihamishwa. Mgeni alisikia kwamba wamehamishwa, na hakuuliza wapi.

Sasa tuje kwa mdogo wake.

Alikuwa fundi viyoyozi, kitinda mimba wa mama yao, mtu wa mkono mwepesi na maneno mengi, aliyemwita kila mteja bosi na kila friji mgonjwa. Siku moja aliitwa kutengeneza kiyoyozi kwenye jengo la kijivu lisilo na kibao, nyuma ya barabara ya maghala. Jioni ile alikula kwa mama yao, yeye na mkewe, na dada yake akiwapo. Safari hii hakutania. Alisema chini ya jengo lile kuna vyumba. Alikuwa ameingiza kichwa kwenye bomba la hewa, anatafuta panapovuja, akasikia watu.

"Walikuwa wanahesabu," alisema. "Mmoja anasema moja, mwingine anasema mbili, mwingine tatu. Nadhani walikuwa wanajihesabu, wajue kama wote bado wapo."

Mgeni aliweka kijiko chini. "Hukusikia kitu."

"Dada, nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Nakwambia hukusikia kitu. Kula."

Akala. Lakini kinywa ni jumba la maneno, na aliyoyameza nyumbani akaenda kuyatema kwa kinyozi, mahali ambapo kila kiti kina mtu na kila mtu ana shemeji yake. Wiki haikuisha, wanaume wawili wakafika dukani kwake, wakasema wana friji ya kutazamwa. Alibeba mkoba wake wa vifaa akapanda gari lao. Mkewe alimwona kwa mbali akiwapa mkono, anacheka nao.

Kituo cha kwanza cha polisi wakasema hawamjui. Kituo cha pili wakamwuliza mkewe kama ana hakika mumewe hakuwa na nyumba ndogo. Wifi, maana ndivyo Mgeni na mke wa fundi walivyoitana, hakwenda cha tatu. Alipiga pasi shati moja, akaliweka kwenye mfuko, akaenda hadi lile jengo la kijivu akasimama getini bila kusema neno. Mlinzi, mzee mwenye kikohozi, alimtazama, akaitazama barabara huku na huku, akaupokea mfuko. Hakuuliza ni wa nani. Labda fundi alikuwa amemsimulia sura ya mkewe. Siku ya pili alimrudishia mfuko wenye shati chafu. Wifi alilinusa palepale barabarani, akaketi chini. Jasho la mumewe alilijua.

Tangu hapo ikawa hivyo. Shati safi linaingia, chafu linatoka. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyejibu. Kila shati chafu likifika, mama alilishika kwanza yeye, akakaa nalo mapajani hadi aridhike, ndipo likaenda kufuliwa. Na alikataza kelele. "Mtu anayekupa kwa kificho," alisema, "usimshukuru kwa sauti."

Wifi alitii. Mgeni naye alitii, mpaka liliporudi shati lenye damu kwenye kola. Haikuwa nyingi. Lakini usiku ule hakupata usingizi, na kilichomnyima usingizi kilikuwa uchungu uliochanganyika na kiburi. Miaka yote hii ndiye aliyebeba majibu ya nchi nzima, na ndugu yake wa tumbo moja hawezi kumwulizia? Akakumbuka kwamba wiki ileile kulikuwa na mazoezi, na kwamba mtu wa usalama atakuwa mezani.

Mtu huyo alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya anayebembeleza mtoto. Akikukanyaga kwa bahati mbaya alisema pole, akikukanyaga makusudi alisema pole. Wizarani walimwita Bwana Pole, naye jina lilimpendeza. Nje ya ukumbi hakuna aliyewahi kumwuliza kitu akajibiwa. Ndani ya ukumbi, kwa Mgeni, alikuwa mjumbe kama wajumbe wengine.

Siku ilipofika Mgeni alianza na ya kawaida. Serikali itaridhia lini mkataba? Katibu akajibu kwamba mashauriano yanaendelea. Na nani? Na wadau. Wadau gani? Wadau mbalimbali. Watu wakacheka, naye Mgeni akakunja uso kwa namna waliyoizoea, wakazidi kucheka. Kisha akafunga jalada lililokuwa mbele yake.

"Kamati imepokea taarifa," alisema kwa ile sauti yake ya kigeni, "za fundi viyoyozi aliyechukuliwa dukani kwake na watu wawili. Kamati inataka kujua yuko wapi, na kama yu hai."

Katibu alipekua karatasi zake. "Hilo mbona halimo?"

"Mheshimiwa, wataalamu hawaulizi yaliyomo tu."

"Haya, kweli. Nani analichukua?"

"Niachieni mimi," alisema Bwana Pole. Alivuta kipaza sauti taratibu, na muda wote alimtazama Mgeni. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaishukuru kamati kwa swali lake. Serikali imefanya uchunguzi wa kina. Mtu huyo hajakamatwa, hashikiliwi, wala hajawahi kushikiliwa mahali popote na chombo chochote cha dola."

Mgeni alifungua kinywa kutaja mashati. Akamkumbuka mzee wa getini na kikohozi chake, akakifunga. "Kamati inauliza tena," alisema, na sauti ya kigeni ilikuwa imeanza kumtoka. "Yu hai?"

"Kwa kuwa hatunaye, Mheshimiwa, hatuna namna ya kujua."

Katibu alipiga meza kwa kiganja. "Safi sana! Hilo ndilo jibu. Fupi, tena halina pa kushika. Liandikwe kama lilivyo. Lipelekwe leo leo likalinganishwe."

Neno hilo la mwisho lilimpata Mgeni kama maji ya baridi mgongoni. Alikuwa amelisikia mamia ya mara. Mara nyingi ni yeye aliyelisema. Aliona njia yote ambayo lile jibu litapita, ofisi kwa ofisi, mpaka kwenye jengo lisilo na kibao, na aliona mtu fulani asiyemjua akilisoma na kutazama huku na huku kama kuna chochote pale kisicholingana nalo.

"Mheshimiwa, nalifuta swali," alisema. "Nililitunga tu. Hakuna mtu kama huyo."

"Ulilitunga? Hongera basi, umetunga la maana." Katibu alikuwa amefurahi kweli. "Wakituuliza huko, tuanze kubabaika? Afadhali tumejiandaa. Haya, swali linalofuata."

Aliuliza yaliyofuata. Hakujua aliuliza nini. Mazoezi yalipokwisha alimkimbilia Bwana Pole, akamkuta anangoja lifti, anafuta miwani kwa ncha ya tai.

"Yule fundi," alisema Mgeni, "ni mdogo wangu."

"Najua."

"Basi badilisha jibu. Bado halijaondoka. Nakuomba."

"Nibadilishe niseme nini?" Hakuwa na haraka, wala hakuwa na hasira. "Niseme tunaye? Tunaye kwa sheria ipi, wapi, kwa kosa gani? Wewe ndiye mwanasheria, niandikie hilo jibu nilisome."

Mgeni alilitafuta hilo jibu. Njia pekee aliyoijua, ya ndugu kuuliza na serikali kulazimika kusema mtu yuko hapa, ilikuwa ndani ya mkataba ule, na sababu zote za kuuchelewesha zilikuwa na mwandiko wake.

"Ungeniuliza hapa, koridoni, tukiwa wawili," aliendelea Bwana Pole, "ningekwambia wifi yako aongeze sweta, kule chini kuna baridi. Siku moja ningekwambia njooni mumchukue, mnyamaze. Huwa inawezekana. Nilikuwa nakungoja uje, nikashangaa huji. Sasa wewe umeniuliza mezani, mbele ya Katibu, na mezani tuna jibu moja tu." Lifti ikafunguka. Aliingia, akageuka, akamwinamia kidogo. "Pole sana, dada yangu."

Alipofika idara yake, jibu lilikuwa limeshapigwa muhuri limekwenda. Alipiga simu huku na kule. Wote walimwambia asiwe na wasiwasi, kazi itafanyika kabla ujumbe haujasafiri, kama alivyowafundisha.

Nyumbani hakusema. Wifi alikuwa anapiga pasi shati la bluu, anamsimulia mama kwamba mzee wa getini siku hizi anamsalimia kabisa, na Mgeni aliketi kati yao akaitikia ndiyo, hapana, ndiyo. Aliogopa kusema, isije ikawa kweli. Alijidanganya kwamba serikali hii haijawahi kufanya jambo kwa siku moja. Asubuhi alimwambia wifi yake watakwenda wote getini. Wifi alifurahi kupata mwenzake.

Walipolikaribia jengo, Mgeni aliona kibao. Kilikuwa kipya, kimeandikwa GHALA LA SAMANI, na rangi yake ilikuwa imechuruzika kidogo kwenye herufi ya mwisho. Geti lilikuwa wazi, pande zote mbili. Mlinzi alikuwa kijana aliyevaa sare mpya, na mzee wa kikohozi hakuonekana.

"Karibuni," alisema. "Mnatafuta nani?"

Ndiyo mara ya kwanza mtu kumwuliza wifi swali hilo pale. Akanyoosha mfuko tu.

"Hapa hakuna mtu, mama. Hapa ni ghala. Mkitaka kutazama, ingieni mtazame, tumeambiwa anayetaka aingie."

Waliingia. Huko nyuma watu walisumbuka miaka kutaka kuona ndani ya jengo lile, na leo kijana aliwatangulia akiwawashia taa. Kulikuwa na viti vichache vya ofisi bado vimefungwa nailoni. Walishuka ngazi. Chini kulikuwa na milango mingi, yote wazi, na vyumba vidogo visivyo na kitu. Sakafu ilikuwa bado na unyevu wa dawa, harufu yake ilichoma pua. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana. Wifi alisimama katikati ya ushoroba akamwita mumewe kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayemwita mwenzake aje mezani. Kisha akaita kwa nguvu. Kijana alitazama pembeni.

Walipokuwa wanatoka aliwaita. "Kuna kitu kimeachwa kwenye kibanda. Labda ni chenu." Aliwapa mfuko wa jana. Wifi akafungua. Shati la jana lilikuwa ndani, limekunjwa vilevile alivyolikunja, kifungo cha juu kimefungwa. Halikuvaliwa. Alilipeleka puani hata hivyo, na lilinukia sabuni.

Nje ya geti walikuta watu. Mgeni hakuwa amewahi kufikiri kwamba kuna wengine; alidhani lile shati lilikuwa siri ya nyumba yao peke yao. Alikuwapo mzee mmoja na chupa ya chai iliyofungwa kitambaa. Alikuwapo binti aliyebeba suruali kwenye bahasha, na bibi mmoja na blanketi, na nyuma yao wengine walikuwa wanakuja kwa ile njia ya maghala, mmoja mmoja, kila mtu kaacha nafasi kati yake na mwenzake kana kwamba hawajuani. Kila siku walikuwa wamekuja hivyo, kwa zamu, na kila mmoja alikuwa ameamini kwamba amebahatika peke yake. Leo geti lilipokuwa wazi walisogea wote kwa pamoja.

"Dada," bibi wa blanketi alimwambia Mgeni, labda kwa sababu ya miwani yake na viatu vya ofisini, "leo wamebadilisha saa?"

"Hawapo, bibi," alisema Mgeni. "Wamehamishwa."

"Wote?"

"Wote."

"Wamepelekwa wapi?"

"Sijui."

Kilio hakikuanza. Watu walikuwa bado wameshika vitu vyao wima, chai isimwagike, nguo zisijikunje. Mzee wa chupa ya chai ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayejisemea. "Mwanangu ana mwaka na nusu mle. Siku zote hizo hawakumhamisha. Kwa nini jana?"

Wifi naye akageuka. Kwenye hekaheka zote za asubuhi swali hilo lilikuwa halijamjia. Alimtazama Mgeni kwa macho ya kuaminiana, macho ya mtu anayejua kwamba wifi yake kasoma na yuko karibu na wakubwa, kwa hiyo atakuwa anajua.

Simu ya Mgeni ilikuwa inalia mkobani. Katibu alikuwa anamtafuta, ujumbe unaondoka jioni na jibu la swali la kuridhia alikuwa nalo yeye. Aliiacha ilie.

"Kwa sababu niliuliza," alisema. "Kazini. Nilimwulizia mbele ya watu. Walijibu kwamba hawana mtu, na wakishajibu hivyo..." Alikuwa analia, na hakuna aliyemshika bega.

Wifi aliuchukua ule mfuko wa jana kutoka mikononi mwa Mgeni, akaupachika kwapani pamoja na ule wa leo, akaenda kusimama upande wa wale wengine.